Maziwa ya Nyumba Mbili

Mara ya kwanza nilipomwona Cherop, alikuwa anachoma kijiti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya hoteli moja pale Salgaa, kibuyu kati ya magoti. Kijiti kiliposhika moto vizuri alikitumbukiza ndani ya kibuyu, akasugua polepole, kama mtu anayemwosha mtoto masikio. Moshi ulimfuka usoni wala hakufumba macho. Mwanangu Khisa alikuwa amesimama kando yangu akimtazama. Mimi nilimtazama Khisa, nikajua kwamba siku hiyo hakunileta Salgaa kunywa chai.

Watu wa mtaa wetu wa Free Area, hapa Nakuru, huniuliza mke wa mwanangu ni mtu wa namna gani. Huwa nawajibu neno moja, "Mkimya," kisha nauliza kama wamekuja kuchukua nguo zao. Si jibu la haki, na leo nitajaribu kutoa lililo bora. Jina langu ni Naliaka, lakini hapa wananijua kama Mama Khisa, fundi wa nguo. Shule niliiacha mapema. Macho sikuyaacha. Mtu akisimama mbele ya cherehani yangu, kabla hajasema amekuja kufanya nini nimeshajua kiuno chake, na kama amenenepa tangu Pasaka.

Cherop alizaliwa juu ya Molo, kwenye baridi ile inayowafanya watu waongee mdomo ukiwa nusu umefungwa. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na nyanya yake, anayemwita kogo. Kogo alikuwa na ng'ombe wachache na vibuyu vingi kuliko sahani. Mtoto alifundishwa kutunza kibuyu kabla ya kufundishwa kufua nguo, na ukitazama nguo zake utaamini.

Kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, hakijui sabuni. Husuguliwa kwa kijiti cha moto cha mti wanaouita senetwet, mkaa ukabaki ndani, kisha yanamiminwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Kinafungwa, kinaachwa siku kadhaa mpaka maziwa yagande na kuchachuka. Yakitoka yana rangi ya majivu. Kogo alipokufa, shamba lilikwenda kwa wanaume wa ukoo na ng'ombe wakalifuata shamba. Cherop aliondoka na vibuyu. Hakuna aliyemgombania.

Alishuka Salgaa, mahali malori yanapolala, akapata kazi ya kupika katika hoteli ya madereva. Siku moja alimpa dereva mmoja kikombe cha mursik, yule dereva akawaambia wenzake, na muda si mrefu wakawa wanamwita Dada wa Kibuyu. Kati ya waliomwita hivyo alikuwemo mwanangu, aliyekuwa akiendesha lori la mizigo kutoka Mombasa hadi mpakani Malaba. Wakaoana, wakapanga chumba hapo hapo Salgaa. Nami nikabaki na Jumapili.

Jumapili ilikuwa yangu. Khisa asipokuwa safarini alikuja kula chakula cha mchana kwangu, na nilianza kujitayarisha tangu Ijumaa. Sisi Wabukusu, mwana akirudi kwa mama yake hali chakula kama mgeni wala kama mpita njia. Anakula mpaka sufuria ionekane chini. Nilimpikia maharagwe yenye vitunguu vingi, na kunde nilizozichemsha na kuzitia maziwa, nikaziacha zilale, nikazichemsha tena. Kisha chai. Utotoni mwake chai yetu ilikuwa strungi, maji na majani na sukari tukibahatika. Nilikuwa nimeapa kwamba nikipata cherehani yangu, mtoto huyu hatakunywa tena chai yenye maji. Kwa hiyo nilimpikia chai ya maziwa matupu, bila tone la maji. Alikunywa vikombe viwili, akasema, "Asante, Mama." Hakuwahi kubakisha.

Tumbo lake lilianza kumsumbua kabla ya ndoa. Hilo nilikuwa nimelisahau, kwa kuwa kulikumbuka hakukunifaa. Alikula nyama mbaya njiani, akaharisha mpaka akalazwa. Alitibiwa akatoka, lakini tumbo halikurudi kuwa lile la zamani. Leo linavimba, kesho linasokota, keshokutwa analazimika kusimamisha lori na kukimbilia kichakani. Mimi nilimnunulia vidonge vya kuua viini kwenye duka la dawa, wiki hii vya aina hii, mwezi ujao vya aina ile. Vilimpa nafuu kidogo, kisha hali ikarudi mbaya kuliko mwanzo.

Ikafika siku mwenye lori akamwita. Alimwambia mzigo unachelewa kila safari na wateja wamechoka. Safari za Malaba angempa dereva mwingine kwa muda. Khisa akipona aje, asipopona asije. Mwanangu akabaki kuosha malori ya wenzake kwenye yadi. Mwanaume aliyekuwa akipiga honi akipita Free Area ili nijue ni yeye, sasa alishika kitambaa.

Kwa hiyo nilichunguza, na sikuchunguza kwa haki. Niliona jambo moja wazi kama mchana: kwangu mwanangu alikuwa mzima. Alikula, akacheka, akaaga. Alikuwa akiugua kwa Cherop.

Jirani yangu Anyango, anayeuza samaki, naye aliliona. Au labda nililiona baada yake.

"Mama Khisa, kijana wako anapungua, ama ni macho yangu?"

"Ni macho yako."

"Basi macho yangu yanasema huko Salgaa analishwa mkaa."

"Anyango, uza samaki."

"Nauza. Lakini mimi Mjaluo, nikiona kitu kimeoza nakijua. Maziwa ya wiki nzima ndani ya kibuyu kisichooshwa, wewe ungempa paka?"

Nilicheka. Usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesikia mawazo yangu yakisemwa na mdomo wa mtu mwingine, na yalisikika kuwa ya kweli.

Jumapili iliyofuata niliona suruali. Khisa alivua koti, na pale kiunoni, pande zote mbili, mtu alikuwa ameikata suruali na kutia lastiki. Mishono ilikuwa mirefu na iliyopinda, uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu.

"Nani amekushonea hii?"

"Cherop."

"Cherop ana cherehani?"

"Ameshona kwa mkono, Mama."

"Inaonekana. Vua nikurekebishie, ni kazi ya dakika."

"Wacha tu, Mama. Iko sawa hivyo."

Sikumbuki kama mwanangu aliwahi kukataa kitu kutoka mkononi mwangu kabla ya siku hiyo. Angekataa kunde, ningeelewa. Alikataa mshono, na mimi fundi. Alipoondoka nilikaa mbele ya cherehani mpaka giza likaingia, nikifikiria vidole vya yule msichana kwenye kiuno cha mwanangu, vikipima bila tepu.

Kesho yake, Jumatatu, nilifunga kazi nikaenda Salgaa. Nilimkuta Khisa amejikunja kitandani, magoti kifuani, tumbo limejaa kama la mwanamke wa miezi sita. Cherop alikuwa akikoroga uji. Aliinuka haraka, akafuta mikono, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama. Keti."

"Sikuja kuketi. Jana ametoka kwangu mzima. Leo ni hivi. Unampa nini?"

"Leo ni uji tu, Mama."

"Na jana usiku?"

"Hakuweza kula kitu."

"Na hicho?" Nilionyesha kibuyu kilichoning'inia ukutani, kimevikwa shanga kama bibi arusi.

Alikitazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa tayari kwa jibu lolote. Nilikuwa nimejiandalia la kumrudishia.

"Nitakiweka kando, Mama," akasema.

Khisa alisema kutoka kitandani, "Mama, wacha hayo maneno. Si kibuyu."

"Ni nini basi?"

Akageuka, akautazama ukuta. Cherop alishusha kibuyu kutoka kwenye msumari, akakifunga kwa leso, akakiweka chini ya kitanda. Alifanya hivyo bila kukasirika, au kama alikasirika, alikasirika mahali nisipoweza kupaona. Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi.

Wiki zikapita bila mursik. Khisa hakupona. Kama kuna kilichobadilika, hali yake ilizidi kuwa mbaya. Mwenye lori alipeleka ujumbe kwamba yule dereva mwingine anafanya kazi vizuri. Hapo nikasema basi, tukamwone daktari wa kweli, hapa Nakuru, na niende mwenyewe nisikie kwa masikio yangu. Nilitaka kibuyu kihukumiwe na mtu mwenye koti jeupe.

Alipimwa kila kitu. Hakuwa na minyoo, hakuwa na amiba, hapakuwa na kidonda. Daktari alisema matumbo ya aina hii yapo mengi, mara nyingine hubaki hivyo baada ya mtu kuharisha vibaya, kisha akatutuma kwa mtaalamu wa lishe. Huyo alikuwa msichana mdogo aitwaye Mercyline, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Tuliketi mbele yake, Khisa katikati, mke upande huu, mama upande ule.

"Boss, ni siku gani tumbo linakusumbua zaidi?"

Khisa akakohoa. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inaanza Jumapili jioni. Jumatatu ndiyo mbaya."

"Kila wiki?"

"Kila nikiwa sina safari."

"Na Jumapili mchana unakula wapi?"

Khisa akatazama viatu vyake. Cherop akautazama mkoba wake, akafungua zipu, akaifunga. Nikajibu mimi, maana hapakuwa na mwingine wa kujibu.

"Anakula kwangu."

Mercyline hakushtuka. Aliniuliza napika nini, nami nikamtajia yote, pamoja na chai. Nilitaja chai kwa fahari bado, ulimi ukiwa haujafika ulipofika moyo.

"Mama, hapana aliyekosea," akasema. "Ndani ya utumbo wa kila mtu kuna bakteria, wengi kuliko watu wa Nakuru. Wengi si wa ugonjwa, ni wenyeji. Kazi yao ni kula kile ambacho sisi tumeshindwa kusaga. Sasa maziwa yana sukari yake. Mtoto anazaliwa na uwezo wa kuivunja. Tukikua, wengi wetu uwezo huo unapungua. Sukari inashuka chini nzima nzima, bakteria wanaikuta, wanaichachusha. Ndiyo hiyo hewa, ndiyo huko kuharisha. Maharagwe na vitunguu vinafanya vivyo hivyo. Kwa tumbo tulivu si shida, tena ni chakula chao kizuri. Kwa tumbo lake ambalo limeshaudhika, ni kelele."

"Lakini alipokuwa mtoto alinyonya vizuri," nikasema.

"Ndiyo, Mama. Alipokuwa mtoto." Alitabasamu. "Tumbo lake limeacha kunyonya."

Nilimwuliza kuhusu kibuyu. Niliuliza kwa sauti ndogo, kwa sababu nilishajua ninakoelekea. Alisema maziwa yaliyochachuka yanaanza kuliwa na bakteria wa kibuyuni kabla hayajafika mdomoni, sukari inapungua, na watu wengi wanayavumilia vizuri. Si dawa, akasema, na si kila mtu yanamfaa. Kila mmoja ajipime. Akauliza pia habari za vidonge. Nikamweleza. Akasema dawa za kuua bakteria zina kazi yake, lakini ukizimwaga bila kupimwa ni kama kupiga shamba lote dawa kwa sababu ya gugu moja. Mahindi nayo yanakufa, na cha kwanza kuota tena huwa si mahindi.

Akatupangia. Aache kwa muda maziwa ya kawaida, maharagwe, vitunguu, kabichi, mikate ya ngano. Tumbo likitulia, kimoja kimoja kirudi, kidogo kidogo, tuone kipi kinakubaliwa na kipi kinakataliwa. "Tusimnyime vyakula milele," akasema. "Wale wenyeji pia lazima wale."

Tulipotoka nje, Khisa alikwenda kutafuta choo. Nikabaki na Cherop kwenye benchi, chini ya ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka nusu.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipooana. Kila Jumapili anarudi ameshika tumbo."

"Na nilipokuja kukutukana mbele yake, na kile kibuyu ukakificha, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Niambie, Mama, ningeanzaje? Nimwambie mama wa mtu kwamba chakula chake kinamuumiza mtoto wake? Mimi, niliyekuja juzi? Nilimwambia yeye akwambie. Akasema mama hakataliwi sahani. Akasema heri augue Jumatatu."

"Na ile suruali?"

"Ile ni ya Jumapili. Zingine zilikuwa zinambana akiwa kwenye gari anarudi. Najua si mshono mzuri."

Nilipaswa kuona haya, na labda niliona. Lakini nitasema lililokuja kwanza, na lililokuja kwanza ni wivu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwonea Cherop wivu kwa sababu ya kumlisha mwanangu. Kumbe hilo lilikuwa dogo. Mimi Khisa alinirudishia sahani safi na asante. Yeye alimrudishia tumbo lenyewe, na maumivu, na siri, na lile jambo la aibu ambalo mtu humpa aliye wake tu. Nilikuwa nimepewa adabu. Yeye alipewa mtu.

Nikamwambia, "Uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu, hapana. Siku nyingine njoo uchukue wa kijivu kwangu."

"Sawa, Mama."

Tuliendelea hivyo. Jumapili ya kwanza nilisimama jikoni kwangu kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Kila nilichoshika kilikuwa kimekatazwa. Mwishowe nilisonga ugali wa wimbi, nikapika mboga ya mrenda bila maziwa na samaki mmoja wa Anyango, bila kitunguu. Anyango aliponiuzia alisema, "Leo mfalme hanywi maziwa?" Nikamwambia mfalme ameachishwa ziwa. Akacheka mpaka akakosea chenji.

Cherop alikuja na Khisa siku hiyo, na kwenye kikapu alileta kibuyu. Sikuwa nimemwambia akilete. Alisimama nacho mlangoni, akingoja, maana hii ni nyumba yangu. Nilikitazama na shanga zake. Nikatoa vikombe, nikaviweka mezani, nikaketi. Alikitikisa, akammiminia Khisa nusu kikombe, kisha akanitazama mimi. Nikasogeza changu. Yalikuwa makali, yenye ladha ya moshi, na sikuyapenda, nami nilifurahi kutoyapenda. Nilimaliza. Sikubakisha.

Tumbo halikutulia siku moja. Vitunguu vilirudishwa vikakataliwa. Maharagwe yalirudi kijiko kimoja, kisha viwili, kisha kibakuli kidogo, na hayo ni yangu, nilimwambia Cherop, nayaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake. Maziwa ya kawaida yaligoma kabisa. Ugali wa wimbi ulipokelewa kwa mikono miwili, na hapo mtu asinidanganye kwamba ni kibuyu peke yake. Siku nyingine aliugua bila sababu tuliyoijua, mimi na Cherop tukatazamana, kila mmoja akipitia sufuria zake moyoni.

Kisha Jumapili moja alivua koti, nikaona mkanda. Suruali yenye mkanda, imefungwa kwenye tundu lake la zamani. Nikampakulia. Alikula, akasema mwenye lori amemwita, kesho alfajiri anapeleka mzigo Malaba, ni safari ya kumjaribu. Akiweza, usukani ni wake. Akisimama njiani kama zamani, asirudi tena.

Jumatatu yote sikushona mshono ulionyooka. Nilifumua gauni la mtu nililokuwa nimelishona vizuri, nikalishona vibaya. Jua lilipoanza kuegemea upande wa mlima wa Menengai simu ikalia. Alikuwa Cherop.

"Mama, amefika Malaba. Hajasimama isipokuwa kwa mafuta."

"Amekupigia wewe."

"Nilimwambia aanze na wewe, Mama. Amesahau. Sasa hivi atapiga."

Nilimshukuru Mungu, na nilimshukuru kwa moyo wote. Pia nilimshukuru Cherop, kwa sauti, hilo alilisikia. Kisha nikabandika sufuria ya chai, strungi, kama ile ya zamani, nikaketi na simu mapajani. Anyango alipita akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia naangalia maji yasimwagike.

Simu ililia kabla hayajachemka. Niliona jina lake. Nikaiacha ilie kidogo, asije akafikiri nilikuwa nimekaa kuingoja.